Asilimia Zinazofuatana: Kwa Nini Hazijumlishwi

Katika hesabu zote tulizofundishwa tangu shule ya msingi, nadhani hakuna inayotumiwa vibaya sokoni na vijijini kama hesabu ya asilimia. Kujua kwamba asilimia 10 ya shilingi 5,000 ni shilingi 500 si kazi. Kazi huanza pale bei inapobadilika mara ya kwanza, kisha ikabadilika tena, na mtu akataka kujua mwishowe imezidi au imepungua kwa kiasi gani. Hapo wengi wetu, hata sisi wa madarasa ya juu, huzijumlisha na kuzitoa zile asilimia kana kwamba ni machungwa ndani ya kikapu kimoja. Ndugu wasomaji, nimeomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nilieleze jambo hili, kwa kuwa lahusu kahawa yetu, karo zetu na mikopo ya wazazi wetu, wala si la mtihani tu.

Tuanze na maana yake. Asilimia ni sehemu za mia, lakini ni sehemu za mia za kitu fulani. Ukisema "asilimia 20" ukanyamaza, hujasema neno, kama vile mtu asemaye "nusu" pasipo kutaja nusu ya nini. Nusu ya muwa ni nusu, na nusu ya shamba la miwa ni nusu vilevile. Kile kitu ambacho asilimia hukatwa kwacho na tukiite msingi. Sasa, mabadiliko yanapofuatana, msingi huhama. Asilimia ya kwanza hukatwa katika bei ya zamani, na asilimia ya pili hukatwa katika bei mpya, yaani ile iliyokwisha kubadilika. Misingi ni miwili, basi hatuwezi kuziweka asilimia zake pamoja kama kwamba zimetoka mahali pamoja.

Chukua jembe la shilingi 20,000. Bei ikapanda kwa asilimia 50, jembe likawa shilingi 30,000. Mwezi uliofuata bei ikashuka kwa asilimia 50. Asiyeangalia atasema jembe limerudi 20,000, maana 50 ukitoa 50 hapabaki kitu. La! Asilimia 50 ya 30,000 ni 15,000, na bei mpya ni shilingi 15,000. Mwenye duka amepoteza robo ya bei yake ya kwanza, na zile asilimia mbili ni sawasawa kabisa.

Njia iliyo salama ni kuacha kuzijumlisha asilimia na kutumia vizidishi. Kitu chote ni 100 kwa 100, yaani 1. Bei ikipanda kwa asilimia 20 imekuwa 120 kwa 100, na kizidishi chake ni 1.20. Ikishuka kwa asilimia 20 imebaki 80 kwa 100, na kizidishi chake ni 0.80. Kila badiliko lina kizidishi chake. Vizidishe vyote pamoja, kisha linganisha jibu na 1. Kama jibu limepita 1, bei imepanda. Kama halikufika 1, bei imeshuka. Na ile tofauti ukiizidisha kwa 100 ndiyo asilimia unayoitafuta. Kwa jembe letu: 1.50 × 0.50 = 0.75. Imepungua 0.25, yaani asilimia 25. Hakuna kanuni nyingine ya kukariri.

Sasa nitaeleza jambo lililotokea kwetu Busoga msimu mmoja wa kahawa. Mnunuzi aliyezoea kuja na gari lake kijijini alikuwa akinunua kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, kwa shilingi 6,000 kilo moja. Katikati ya msimu akasema soko limeharibika, akapunguza asilimia 25. Baada ya majuma machache akatangaza kwamba soko limepona na bei imerudi, maana ameongeza asilimia 25. Watu walifurahi. Mzee mmoja jirani yetu alipima magunia yake 8, kila gunia kilo 60, akahesabu noti zake chini ya mwembe, akazihesabu tena, kisha akaniita.

"Mwanangu, wewe unayesoma, hebu njoo. Huyu bwana asema bei ni ile ya kwanza. Mbona noti zenyewe si zile za kwanza?"

Mnunuzi naye alikuwa hapo hapo, wala hakuona haya. "Mzee," akasema, "nilipunguza ishirini na tano, nimerudisha ishirini na tano. Wataka nikurudishie nini tena?"

Nikachukua kijiti nikaandika katika mchanga. Shilingi 6,000 ukitoa robo yake ni 4,500. Robo ya 4,500 si 1,500 tena, bali ni 1,125. Kwa hiyo bei mpya ni 5,625, wala si 6,000. Kila kilo imepungukiwa shilingi 375, na kwa kilo 480 za mzee ni shilingi 180,000. Kwa vizidishi: 0.75 × 1.25 = 0.9375, upungufu wa asilimia 6.25.

"Kumbe alichukua robo ya ndizi kubwa, akanirudishia robo ya ndizi iliyobaki," mzee akasema. Sijapata kusikia mwalimu akilieleza jambo hili vizuri zaidi, na mzee huyu hakufika darasa la tatu.

Lakini tumtendee haki mnunuzi pia. Mtu ana ruhusa ya kutaja bei anayoitaka, na mwenye kahawa ana ruhusa ya kukataa. Shilingi 5,625 haikuwa wizi. Lililokuwa la uongo ni neno moja tu, neno "imerudi". Mzee aliyafunga magunia yake akayarudisha ghalani, na juma la pili yake akauza kwa mtu mwingine aliyepita, kwa bei ambayo sikuambiwa nami sikuuliza.

Bei ile ingepaswa kupanda kwa asilimia ngapi ndipo irudi kweli? Kutoka 4,500 hadi 6,000 ni nyongeza ya 1,500, na 1,500 ni theluthi moja ya 4,500. Basi ilitakiwa asilimia 33⅓. Hapa wadogo zetu wa madarasa ya chini wasimame kidogo waangalie, maana jambo hili ni la siku zote: kupanda tena baada ya kushuka hudai asilimia kubwa kuliko ile ya kushuka. Kilichoshuka kwa asilimia 10 hudai 11.1 kurudi mahali pake. Kilichoshuka kwa 20 hudai 25. Kilichoshuka kwa nusu hudai 100 nzima, yaani kizidi mara mbili. Kilichoshuka kwa asilimia 90 hudai 900. Ukitaka kupata asilimia ya kurudi, gawanya 1 kwa kizidishi cha kushuka. Kwa mfano 1 ÷ 0.80 = 1.25, nayo ndiyo ile 25.

Wengine hupenda kanuni fupi ya mabadiliko mawili, na kweli yafaa katika chumba cha mtihani. Yakiwa mabadiliko ni a na b kwa mia, badiliko la jumla ni a + b + (a × b ÷ 100). Ukipanda andika alama ya kujumlisha, ukishuka andika alama ya kutoa. Bei ikipanda 10 kisha 20, jumla ni 10 + 20 + 2 = 32. Ile 2 ya mwisho yatoka wapi? Ni asilimia 20 ya zile 10 zilizoongezeka mwanzo. Nyongeza nayo imeongezewa. Kwa kahawa ya mzee: −25 + 25 − 6.25 = −6.25. Ya mwisho ni hasi kwa kuwa hasi mara chanya ni hasi. Kama mabadiliko ni matatu, unganisha mawili ya kwanza, kisha jibu lake uliunganishe na la tatu. Lakini mimi naona hapo ni afadhali kurudi kwenye vizidishi.

Kanuni hii yatuonyesha pia kwa nini desturi ya kujumlisha haikomi. Asilimia zikiwa ndogo, kile kipande cha mwisho ni kidogo mno. Bei ikipanda 2 kisha 3, jawabu la kweli ni 5.06, na nani atagombania hiyo 0.06? Mtu huzoea kujumlisha katika mambo madogo asipate hasara, kisha siku ya jambo kubwa huenda na mazoea yale yale.

Swali wanaloliuliza wengi ni kama mpango wa kufuatana una maana. Tuseme shati lauzwa shilingi 50,000 kabla ya kodi. Mwenye duka atoa punguzo la asilimia 10, na Kodi ya Ongezeko la Thamani hapa Uganda ni asilimia 18. Je, ni heri kwa mnunuzi kupunguziwa kwanza au kutozwa kodi kwanza? Akipunguziwa kwanza: 50,000 inakuwa 45,000, na kodi yake ni 8,100, jumla 53,100. Akitozwa kwanza: 50,000 inakuwa 59,000, na punguzo ni 5,900, inabaki 53,100. Ni sawa, maana 0.90 × 1.18 na 1.18 × 0.90 ni kitu kimoja. Kwa mfuko wa mnunuzi mpango hauna maana. Kwa serikali kodi yenyewe haiwi sawa, lakini hilo tuwaachie wenye kutoza.

Bado kuna mtego katika kodi hiyo. Ukinunua kitu kwa shilingi 118,000 pamoja na kodi, kodi iliyomo ndani si asilimia 18 ya 118,000. Msingi wa kodi ni bei kabla ya kodi. Gawanya 118,000 kwa 1.18 upate 100,000. Kodi ni 18,000. Aliyekata asilimia 18 ya 118,000 amepata 21,240, naye amewapa watoza kodi shilingi 3,240 za bure.

Ndugu zetu wa Kenya walipata mfano mzuri wa misingi mwaka 2020. Tarehe 1 Aprili mwaka ule kodi yao ya namna hii ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudishwa 16. Kitu cha shilingi 100 za Kenya kabla ya kodi kiliuzwa 116, kikawa 114, kikarudi 116. Hapa kutoa 2 na kurudisha 2 kulileta bei ile ile. Je, hili halivunji yote niliyosema? Halivunji. Zile 16 na 14 zote hukatwa katika msingi mmoja, ile 100 kabla ya kodi, na vyenye msingi mmoja vyajumlishika. Lakini tazama: kodi yenyewe, kutoka 16 hadi 14, ilipungua kwa asilimia 12.5, na bei ya dukani, kutoka 116 hadi 114, ilipungua kwa asilimia 1.7 tu. Aliyetazamia kila kitu dukani kishuke kwa asilimia 2 hakuuliza asilimia mbili za nini. Tena hayo ni kama mwenye duka aliishusha bei yake kweli.

Narudi kwenye kahawa, maana huko ndiko hesabu hii ina utamu wake. Kahawa isiyokauka vizuri ina maji, na maji huongeza uzito. Tuseme una kilo 100 zenye maji asilimia 20, nawe wataka kuzikausha hadi maji yawe asilimia 12. Uzito utapungua kwa kilo ngapi? Wengi watajibu 8 mara moja. Fikiri vizuri. Katika zile kilo 100, kilo 20 ni maji na kilo 80 ni kahawa yenyewe. Jua halikaushi kahawa yenyewe, hukausha maji tu. Basi zile kilo 80 zitabaki 80. Zikikauka hadi maji yawe 12 kwa 100, zile kilo 80 zitakuwa 88 kwa 100 ya uzito mpya. Uzito mpya ni 80 ÷ 0.88 = kilo 90.9. Umepungua kwa kilo 9.1, wala si 8. Ile asilimia 20 ilikatwa katika kilo 100, na ile 12 yakatwa katika kilo 90.9.

Sasa weka bei. Kahawa yenye maji yanunuliwa shilingi 5,000 kwa kilo, na kahawa kavu yaongezewa asilimia 10, yaani 5,500. Ukiuza ingali na maji: 100 × 5,000 = shilingi 500,000. Ukikausha: 90.9 × 5,500, nayo ukiipiga hesabu bila kukata desimali ni shilingi 500,000 barabara. Uzito ulizidishwa kwa 10/11 na bei ikazidishwa kwa 11/10. Siku zote za kuianika, kuigeuza na kuikimbizia ndani mvua inapotanda, umelipwa sifuri. Nyongeza ya kahawa kavu isipopita asilimia 10, mwenye jasho hapati kitu kwa jasho lake. Sisemi watu waache kukausha. Kahawa yenye maji mengi huota ukungu gunilani, na hapo huuzi kwa bei yoyote. Nasema mkulima akijadiliana bei ya kahawa kavu, 10 ndiyo namba ambayo lazima aipite.

Na mnunuzi asemaye, "Maji yako yamezidi kwa 8, basi nakukata kilo 8 katika kila 100," amefanya kosa lile lile la kutoa asilimia za misingi miwili. Ila safari hii kosa lamfaa mkulima, kwa kuwa haki yake ilikuwa kukata 9.1. Hesabu mbaya haina upande wake.

Jambo la riba ni zito zaidi, nami naona limeumiza nyumba nyingi wakati wa kufungua shule. Mzazi akopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Aambiwa, "Kumi tu kwa mia." Mwezi wa kwanza deni ni 1,100,000. Kama hakulipa kitu, na riba ile ikaingizwa katika deni, mwezi wa pili riba yakatwa katika 1,100,000, na deni lawa 1,210,000. Mwezi wa tatu ni 1,331,000. Katika mwezi wa nane deni limepita mara mbili ya mkopo. Mwisho wa mwaka ni 1.10 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 12, nayo ni 3.138. Mzazi adaiwa shilingi 3,138,000 na zaidi. Yule aliyezidisha 10 kwa 12 akapata 120 alitazamia deni la 2,200,000, na tofauti yapita shilingi 900,000. Kwa hiyo kabla ya kutia kidole cheusi katika karatasi ya mkopo, la kuuliza ni hili: riba isiyolipwa yaingia katika deni, au yabaki kando? Kama yabaki kando, msingi hauhami, na hapo kujumlisha ni halali. Kama yaingia, msingi wapanda kila mwezi. Asilimia iliyotajwa ni ile ile katika mikopo yote miwili.

Mshahara nao huangaliwa hivyo hivyo, ila hapa twagawanya. Mshahara ukipanda kwa asilimia 20 na bei za vitu zikapanda kwa asilimia 25, mtu asiseme amepungukiwa 5. Ni 1.20 ÷ 1.25 = 0.96. Vitu anavyoweza kununua vimepungua kwa asilimia 4.

Mfano wa mwisho ni wa nchi yetu nzima, nao ni wa kweli. Mnamo Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zilifanywa shilingi 1 mpya, na katika kubadilisha huko fedha zilikatwa kodi ya asilimia 30. Wakati huo huo bei rasmi ya dola ya Marekani ilihamishwa: kabla yake dola moja ilikuwa shilingi 1,400 za zamani, na baada yake ikawa shilingi 60 mpya, ambazo ni sawa na 6,000 za zamani.

Tumfuate mtu aliyekuwa na shilingi 1,400,000 za zamani. Kwa bei rasmi hizo zilikuwa dola 1,000. Kwanza zinagawanywa kwa 100, zinakuwa 14,000 mpya. Hapa hajapoteza kitu. Bei za sukari na chumvi nazo zimeondolewa sifuri mbili, na kufuta sifuri si kufuta mali. Kisha inakatwa asilimia 30, zinabaki 9,800. Sasa gawanya kwa 60: ni dola 163 na senti 33. Kati ya dola 1,000 amebakiwa na 163.

Mjumlishaji angefanyaje? Kutoka 1,400 hadi 6,000 kwa dola, shilingi ilipungua thamani kwa asilimia 76.7. Ongeza 30 za kodi: ni asilimia 106.7. Yaani mtu huyu amepoteza mali yake yote, na juu ya hapo adaiwa! Jibu kama hili lina faida moja, kwamba linajifichua lenyewe. Hesabu ya kweli ni 0.2333 × 0.70 = 0.1633, hasara ya asilimia 83.7. Ni kubwa, lakini si zaidi ya vyote. Ile kodi ya 30 ilikata katika kilichobaki tu, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Na kama mtu huyu alitaka kuzirudisha dola zake 1,000, mali yake ilipaswa kupanda kwa asilimia 512.

Jambo moja lazima liongezwe, tusije tukaisimulia historia kwa hesabu tupu. Bei ile ya 1,400 ilikuwa ya serikali. Katika magendo dola ilikuwa imepita mbali bei hiyo kabla ya mwezi ule, basi mfanyabiashara aliyekuwa akinunua dola huko hakupoteza asilimia 76.7 siku moja. Alikwisha kuzipoteza kidogo kidogo. Asilimia 30 ilimkata sawa na wengine. Tazama pia jinsi tukio moja linavyobeba asilimia mbili zilizo mbalimbali: shilingi ilipungua thamani kwa 76.7, lakini bei ya dola ilipanda kwa asilimia 328.6. Mmoja akitaja 76.7 na mwingine 328.6, wote wawili wasema kweli. Mmoja amesimama upande wa shilingi na mwingine upande wa dola.

Majirani zetu wa Kongo walipita katika makubwa zaidi. Oktoba 1993, wakati nchi ikiitwa Zaire, zaire 3,000,000 za zamani zilifanywa zaire 1 mpya. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanywa faranga 1 ya Kongo. Anayetaka kujua faranga moja ilikuwa zaire ngapi za kwanza, azidishe 3,000,000 kwa 100,000. Ni 300,000,000,000. Hakuna mtu atakayeshawishika kujumlisha hapo, nadhani, lakini kazi ni ile ile tuliyoifanya kwa jembe la shilingi 20,000.

Haya, chukueni kalamu.

1. Karo imepanda kwa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Imepanda kwa asilimia ngapi kwa jumla?

2. Bei ya sukari ilipanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Imebadilika kwa asilimia ngapi?

3. Godoro limenunuliwa shilingi 59,000 pamoja na kodi ya asilimia 18. Kodi ni shilingi ngapi?

4. Mshahara umepanda kwa asilimia 10, na bei za vitu zimepanda kwa asilimia 25. Mfanyakazi amepungukiwa kwa asilimia ngapi?

5. Kahawa kilo 100 yenye maji asilimia 30 imekaushwa hadi maji yakawa asilimia 12.5. Sasa ina kilo ngapi? Bei ya kilo ipande kwa asilimia ngapi ndipo mkulima asipate wala asipoteze?

Majibu: (1) 33.1. (2) Haikubadilika. (3) Shilingi 9,000. (4) 12. (5) Kilo 80, asilimia 25.